Visanduku Vilivyobaki

3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, nyepesi, ya kulaza vumbi tu. Ni siku yangu ya arobaini na moja kazini na bado niko kwenye kipindi cha majaribio. Nimeamua kuandika kila jambo, ili siku nikiulizwa niwe na jibu.

Diski ya mashine ya mto ilianza kugonga wiki iliyopita, ko, ko, ko, kama mtu aliyefungiwa kabatini. Leo tumeweka mpya. Mashine hiyo ndiyo ofisi yetu yote. Vipimo sitini vimesimikwa kando ya mto, kutoka milimani mpaka mtaa wa chini, na kila baada ya dakika tano kila kimoja hutuletea kimo cha maji. Kila kimo huhifadhiwa kama faili moja ndogo. Programu husoma faili za siku kumi na nne zilizopita, huzilinganisha, na ikiona hatari hutuambia maji yatafika wapi, saa ngapi. Sisi tunapiga simu, watu wanahama.

Kufomati diski, yaani kuigawa upya kabla haijapokea faili, nilipewa mimi, kwa kuwa eti ndiye msomi wa Linux, mfumo unaoendesha mashine hiyo. Kweli nimeisoma, tena nikafaulu, lakini kwenye kompyuta za darasani, ambazo zikiharibika hakuna mtu anayelowa.

Fundi wa kompyuta aliyestaafu kabla yangu aliacha daftari la jalada jeusi. Sheria ya mkuu wetu ni moja: daftari likisema, limesema, hata nukta haiguswi. Nikafungua ukurasa wa 31, nikaikuta amri ya kufomati, na ndani yake ukubwa wa bloku: 65536. Niliinakili herufi kwa herufi. Mashine ikatoa mstari mmoja wa onyo, kwamba bloku za ukubwa huu hazitumiki katika mashine nyingi. Kisha ikaendelea yenyewe mpaka mwisho.

Mkuu alikuwa amesimama nyuma yangu. Huyu tunamwita Bwana Saa, yeye akiwa hayupo, maana akikosa subira hagongi meza, anagonga kioo cha saa yake kwa kucha.

"Imemaliza?"

"Imemaliza, mkuu."

"Daftari limefuatwa?"

"Limefuatwa."

Akagonga mara mbili, akaenda zake. Kuhusu ule mstari sikusema kitu.

4 Machi

Diski mpya ni kimya kabisa. Faili za siku kumi na nne zimehamia zote. Nimekula mchana kwa mara ya kwanza wiki hii.

7 Machi

Mvua jioni. Fundi wa vipimo, yule wanayemwita Bata kwa kuwa mabuti yake ya mpira hayajawahi kukauka, ameingia chumba cha mashine na matope hadi magotini. Nikamwomba afute miguu. Akasema, "Dada, mimi ninaishi kwenye kitu ambacho wewe unakisoma." Akacheka peke yake. Ananuka sigara. Simpendi.

11 Machi

Nitaandika polepole.

Leo asubuhi nilitazama diski imebaki na nafasi kiasi gani, kwa desturi tu, kama mtu anavyochungulia mtungi. Zaidi ya robo tatu imejaa. Nikadhani nimesoma vibaya. Nikajumlisha ukubwa wa faili zote kwa mkono: hazitoshi kujaza hata kona moja ya diski. Nikajumlisha tena. Jibu lilelile.

Nikatoka, nikanywa maji, nikarudi, na ndipo nikaelewa. Bloku ni kisanduku. Diski yote hugawanywa visanduku vya ukubwa uleule, na kisanduku kimoja hakichangiwi na faili mbili. Faili zetu hazizidi herufi mia mbili. Kisanduku nilichokata mimi kinabeba herufi elfu sitini na tano. Kila faili inaingia mle kama punje moja kwenye gunia, na gunia linafungwa. Watu husema haba na haba hujaza kibaba. Kwangu mimi kila haba imepewa kibaba chake.

Nililifungua tena daftari kwa mikono miwili. Chini kabisa ya ukurasa wa 30, mstari wa mwisho, kwa penseli iliyofifia: "Kwa diski ya picha za angani." Halafu unageuza, ndipo amri inaanza. Picha za angani ni faili kubwa, ndiyo maana akataka visanduku vikubwa. Amri ya diski ya vipimo iko ukurasa wa 34, na ukubwa wake ni 4096. Nilinakili ukurasa wa 31 kwa uaminifu wote na sikugeuza nyuma ukurasa mmoja.

Visanduku vilikuwa laki nne na themanini elfu. Vipimo vinakula elfu kumi na saba na ushei kwa siku. Vilivyobaki ni laki moja na elfu moja. Siku tano, na ya sita haifiki jioni. Visanduku vikiisha, mashine itakataa kuandika hata kimo kimoja, huku mto ukipanda.

Nilisimama mlangoni kwa Bwana Saa kwa muda mrefu. Alikuwa akimwambia mtu kwenye simu, "Hapa si mahali pa kujifunzia." Nikarudi kwenye kiti changu.

12 Machi

Nimepita kwa mjomba baada ya kazi. Yeye ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki. Karakana yake ya vitanda iko mtaa wa chini, hatua thelathini kutoka ukingo wa mto, na anaishi nyuma ya karakana hiyohiyo pamoja na mkewe. Nilimkuta akipiga randa ubao.

"Mjomba, mtu akikuagiza kabati la kuwekea sindano, droo utazifanya za ukubwa gani?"

"Sindano za kushonea?"

"Ndiyo."

"Kama kiberiti."

"Na fundi mwingine akizifanya kubwa kama sanduku la safari, halafu kila droo ikaingia sindano moja tu?"

Akaacha randa, akanitazama juu ya miwani. "Huyo si fundi. Huyo ni adui wa mbao. Ni nani?"

"Hakuna. Ni mfano."

"Mfano wenyewe umekonda hivi." Akanipa kiti. Shangazi, mkewe, akaniletea chai, akakaa kunitazama mpaka nikaimaliza. Mjomba akasema anavyosema kila mwaka mvua zikianza: "Mimi siangalii mto. Naangalia simu. Mpwa wangu akisema hama, nahama."

Ningependa asingesema hivyo leo.

13 Machi

Nimepata njia. Faili zilizopita siku kumi na nne programu haizihitaji tena moja moja. Nikizifunga za siku nzima kuwa furushi moja, visanduku elfu kumi na saba vinakuwa vichache vya kuhesabika vidoleni, na vingine vinakuwa huru. Nimefunga siku zote za nyuma, kwa tahadhari, nikikagua kila furushi kabla ya kufuta. Visanduku vilivyobaki: laki mbili na thelathini na tisa elfu. Nitafunga siku moja kila asubuhi, na hesabu itasimama hapo hapo. Hakuna haja ya kumwambia mtu.

14 Machi

Nimefunga. 239,000.

15 Machi

Nimefunga. 239,000. Mvua ya adhuhuri.

19 Machi

239,000. Bwana Saa kanisifia kwa kuwahi. Anadhani ni bidii.

27 Machi

239,000. Mvua kila siku sasa, lakini mto bado mpole, rangi ya chai ya maziwa. Ukuta wa chumba cha mashine umeota ukungu wenye umbo la sikio.

2 Aprili

Leo Bata alizima mashine kwa robo saa ili abadilishe betri zake. Nilikuwa nimeisubiri nafasi hiyo siku nyingi. Alipokwenda kuvuta sigara nje nilichomoa diski, nikaichomeka kwenye kompyuta ya mezani. Nilifikiri kama itafunguka huko, siku moja ya mapumziko ningeweza kunakili faili, kuifomati upya kwa visanduku vidogo na kuirudisha, na dunia isijue.

Ilikataa. Kompyuta ya mezani haitambui visanduku vinavyozidi 4096. Mashine ya mto ni ya aina nyingine, hushika kumbukumbu yake kwa vipande vikubwa, ndiyo maana yenyewe huvimeza. Huo ndio ulikuwa mstari wa onyo: mashine nyingi hazitaweza. Maana yake, mashine ya mto ikifa leo, hakuna mashine nyingine katika jengo hili inayoweza kuisoma diski yangu. Kuirekebisha nako lazima kufanyike palepale, mapokezi ya faili za vipimo yakiwa yamesimamishwa kwa saa kadhaa, na hakuna mtu anayeweza kuyasimamisha bila idhini ya Bwana Saa.

Nilipogeuka, Bata alikuwa mlangoni.

"Imeugua?" akauliza, akiitazama diski mkononi mwangu.

"Naisafisha."

"Kwa nini, ina matope?" Akanyoosha mguu, akayatazama mabuti yake. Hakutabasamu.

3 Aprili

Sikulala vizuri. Bata akisema neno moja tu, nimekwisha. Mashine 239,000.

9 Aprili

Bata na Bwana Saa wamecheka pamoja ukumbini nilipopita. Nimehisi masikio yanawaka. Baadaye nimesikia walikuwa wakimcheka mlinzi wa pampu, aliyejifungia nje ya chumba cha pampu akiwa na funguo mfukoni.

15 Aprili

239,000. Hakuna la kuandika.

19 Aprili

Kuna jambo ambalo sikulihesabu. Niliandika mwezi uliopita kwamba nimepata njia, na sikulihesabu.

Kipimo kikiona maji yamevuka mstari mwekundu, chenyewe hubadili mwendo: badala ya dakika tano hutuma kila dakika. Kimetengenezwa hivyo, na ni busara. Mvua kubwa imeanza milimani jana. Asubuhi hii vipimo ishirini vya juu vimebadili mwendo. Nikifunga siku moja napata visanduku elfu kumi na saba, na vinaliwa elfu arobaini. Mvua ikizidi, visanduku vinaisha haraka zaidi. Maana yake mashine itapofuka siku ileile mto utakapokuwa mbaya.

20 Aprili

216,000. Mvua haijakatika hata kwa muda wa kula.

21 Aprili

193,000 asubuhi. Saa tisa alasiri vipimo vyote sitini vimevuka mstari. Sasa ni faili sitini kila dakika, elfu tatu na mia sita kila saa. Nimekaa mbele ya skrini nikizitazama namba zikishuka kama mtu anayetazama damu.

Nilipotoka, Bata alikuwa chini ya baraza akikamua soksi.

"Dada," akasema bila kuniangalia, "mimi sijui kompyuta. Lakini najua mtu anayeficha uvujaji. Nimefanya kazi ya mabomba miaka saba. Uvujaji haufichiki, unahamia chumba cha pili tu."

"Utaniripoti?"

"Ningetaka kukuripoti ningeripoti tarehe mbili." Akavaa soksi mbichi. "Sema mwenyewe. Ukisema mwenyewe ni kosa. Ukisemewa, linakuwa jina lako."

Nilirudi ndani. Nimeacha faili zote zikinakiliwa kwa waya kwenda kwenye kompyuta ya mezani, ili yawayo yote nakala ziwepo. Kwa waya inawezekana, maana yanayosafiri ni maandishi, si visanduku.

22 Aprili

Ninaandika haya saa tatu usiku, nikiwa nyumbani, nguo kavu, miguu kwenye blanketi. Nitaanza asubuhi.

Saa mbili nilihesabu: 137,000. Kwa elfu tatu na mia sita kila saa, vingekwisha kesho usiku. Nakala zilikuwa zimekamilika. Niliingia kwa Bwana Saa bila kubisha, jambo ambalo sijawahi kulifanya, nikasema nikiwa nimesimama, haraka: diski niliifomati kwa ukubwa wa bloku usio wake, nimeificha siku arobaini na mbili, na kesho usiku mashine itaacha kuandika.

Hakugonga saa. Hilo ndilo lililonitisha.

"Eleza kama kwa mtoto," alisema.

Nikamweleza sindano na droo. Akasikiliza hadi mwisho.

"Siku ile ya kufomati, onyo lilitokea?"

"Lilitokea, mkuu."

"Ulilisoma?"

"Nililisoma."

Akavua saa yake, akaiweka mezani. Sijawahi kumwona bila saa, mkono wake una alama nyeupe. "Nami nililisoma," akasema. "Nilikuwa nyuma yako. Nikajiambia, huyu kasoma, kama lingekuwa na maana angesimama. Nawe?"

"Nikajiambia mkuu ameliona. Kama lingekuwa na maana angeniuliza."

Tukatazamana. Kwa siku arobaini na mbili nimemwogopa mtu huyu, na muda wote amekuwa akiniogopa mimi, cheti changu na maneno yangu ya darasani. Sikufurahi. Nilijisikia kama nimepanda ngazi gizani nikidhani kuna kidato kimoja zaidi.

"Marekebisho yanachukua muda gani?"

"Kufomati ni dakika. Kurudisha faili ni saa tatu. Kwa saa hizo tatu hatupokei kitu."

"Na mto unapanda."

"Unapanda."

Alikwenda dirishani. Mvua ilikuwa ikipiga kioo kama changarawe. "Ukisimamisha leo, tunakuwa vipofu saa tatu za mchana. Usiposimamisha, tunakuwa vipofu kesho usiku, na usiku hakuna atakayesoma nguzo za madarajani." Akavaa saa yake. "Mwite Bata."

Kando ya kila daraja kuna nguzo ya zamani iliyopakwa rangi kwa mita na nusu mita, ya enzi za kabla ya mashine. Bata akaondoka na pikipiki kwenda daraja la juu. Mlinzi wa pampu akachukua nguzo ya katikati. Kwa daraja la chini hatukuwa na mtu. Nikasema nina mjomba, karakana yake imepakana nalo.

"Anajua kusoma nguzo?"

"Ni seremala, mkuu. Anasoma hadi unene wa unywele."

Saa nne na nusu nilisimamisha mapokezi. Nikaandika amri ya ukurasa wa 34, nikaisoma mara tatu, na kurasa za 33 na 35 pia. Bwana Saa alisimama nyuma yangu kama siku ile, ila safari hii aliisoma kwa sauti, tarakimu moja moja: nne, sufuri, tisa, sita. Nikabonyeza. Hakukuwa na onyo lolote. Faili zikaanza kurudi.

Kisha tukakaa na simu mbili, penseli mbili na karatasi. Kila dakika kumi wanapiga. Bata: "Mbili na kumi." Mlinzi wa pampu: "Moja na themanini, na nimelowa, andikeni hilo pia." Mjomba: "Moja na arobaini na mbili. Na nusu."

"Nusu ya nini, mjomba?"

"Ya sentimita. Mmesema nisome, nasoma."

Saa tano na nusu Bata alisema mbili na thelathini. Saa sita na dakika ishirini, mbili na sitini na tano. Saa saba, tatu kasoro tano. Sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Dada, yanakuja na miti mizima."

Mashine ingekuwa inafanya kazi, ingesema yenyewe. Mimi nilifungua daftari jeusi. Ukurasa wa 52 una jedwali la kuhesabu kwa mkono, na hapo yule mzee aliyestaafu, ambaye sijawahi kumwona, aliandika pembeni kila namba imetoka wapi, mwaka gani, maji yalifika kizingiti cha nani. Daraja la juu likipanda zaidi ya nusu mita kwa saa moja na nusu, mtaa wa chini unafikiwa baada ya saa sita. Nilihesabu. Nikafuta, nikahesabu upya. Saa moja jioni.

"Una uhakika?" aliuliza Bwana Saa. Kutoa tahadhari bila mashine ni jambo ambalo halijafanywa tangu mashine ije. Ikiwa si kweli, mtaa mzima umebebeshwa magodoro mvuani bure, na mara ya pili hawatahama.

Nilitaka kusema daftari limesema. "Nimehesabu mara mbili," nikasema. "Ningehama."

Akaweka sahihi. Akaanza kupiga simu za shule na zahanati. Mimi nikampigia mjomba.

"Moja na sitini," akaanza.

"Mjomba, hameni."

Nyuma yake nilisikia mvua kwenye mabati na mtu akipigilia msumari.

"Mashine imesema?"

"Mashine imezimwa, mjomba. Niliiharibu mimi, ndiyo tunaitengeneza. Nimehesabu mimi kwa penseli."

Kisha nikamsikia akigeuza uso kutoka kwenye simu: "Wewe, acha huo msumari. Kawaambie wa upande wa kisima watoke. Anza na yule bibi." Halafu kwangu: "Kumbe adui wa mbao ni wewe."

"Ni mimi, mjomba."

"Haya. Tutaongea." Akakata.

Faili zilimaliza kurudi saa saba na dakika thelathini na tano. Niliwasha mapokezi, na programu ikachukua nusu saa kusoma siku zake kumi na nne. Bwana Saa alikuwa ameshika simu sikioni, akitazama skrini. Mtaa wa chini: saa moja kasoro dakika kumi. Akaniangalia, akaendelea na simu yake.

Maji yaliingia karakana ya mjomba saa moja na dakika tano. Walikuwa wote juu, kwenye madarasa ya shule, watu mia tatu na zaidi. Bata amerudi saa mbili na buti moja. Sijathubutu kumuuliza la pili liko wapi. Nilimletea chai, akasema, "Usimwage, sakafu safi."

23 Aprili

Hakuna aliyekufa. Nimeandika sentensi hiyo mara moja tu, lakini nimeisoma mara nyingi.

25 Aprili

Nimekwenda kusaidia kutoa matope. Maji yalifika juu ya meza ya kazi. Mbao za mwaka mzima zimevimba. Mjomba aliokoa randa, misumeno na kitanda kimoja, cha bibi harusi, ambacho yeye na vijana wa jirani walikibeba kichwani mpaka shuleni, na usiku ule wamelala humo watoto saba.

Shangazi hakusema nami mpaka adhuhuri. Kisha akanikabidhi ufagio. "Siku arobaini na mbili ulikuwa unakuja hapa unakunywa chai yangu na jambo hilo moyoni," akasema. "Mficha maradhi kilio humuumbua. Safari nyingine kunywa chai, kisha useme." Nimesema ndiyo, shangazi. Tukafagia.

30 Aprili

Barua zimetoka. Mimi: karipio la maandishi, na majaribio yangu yameongezwa miezi sita. Niliisoma nikitafuta neno ambalo si la haki, sikulipata. Kwenye faili nimeona barua ya pili, ya Bwana Saa, ya kukaripiwa yeye. Imeandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe, naye ndiye aliyeipeleka.

4 Mei

Mvua imepungua. Vipimo vimerudi kwenye dakika tano. Visanduku vilivyobaki: milioni saba na ushei. Sitaandika hesabu hii tena.

6 Mei

Bwana Saa ameniita, akanisukumia daftari jeusi. "Andika," akasema. Nikauliza niandike nini. "Ukurasa wa 31. Juu ya amri. Ni ya nini na kwa nini." Nilikuwa sijawahi kuona kalamu nyingine ikigusa daftari lile. Nikaandika: Hii ni ya diski ya picha za angani tu. Ya vipimo iko ukurasa wa 34. Nikaongeza tarehe na chini yake kimo ambacho maji yalifika katika karakana ya mjomba, kama alivyofanya yule mzee.

11 Mei

Jua siku nzima. Diski ya akiba imefika hatimaye, ili siku nyingine isitukute mikono mitupu. Tumeifomati leo. Bwana Saa nyuma yangu, Bata pembeni na mabuti mapya ya kijani ambayo anayatembeza kama gari la harusi.

Niliandika amri ya ukurasa wa 34. Mashine ikasimama na mstari mmoja: diski hii ina mabaki ya mfumo mwingine wa faili, niendelee? Nadhani kiwandani waliijaribu. Ni jambo dogo, kila mtu hubonyeza ndiyo. Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe.

Nikatoa mikono yote miwili, nikaiweka mapajani.

"Kuna mstari," nikasema.

"Hata huo?" Bata akauliza. "Ni mfupi hivyo."

"Soma," akasema Bwana Saa.

Nikausoma kwa sauti, neno kwa neno, nao wakasogea mpaka nikahisi pumzi zao begani. Halafu tukaanza, watatu, kuulizana una maana gani.